Shajara ya mradi: vyumba vya wageni wa muda mfupi Lubumbashi, tangu karatasi za kiwanja hadi kodi ya mwaka wa kwanza

Mradi: fleti mbili zilizokamilika vyombo, kiwanja kimoja, kartie (mtaa) Bel Air, komini (manispaa) Kampemba. Wateja wanaolengwa ni wafanyakazi wa kampuni ndogo zinazohudumia migodi, familia zinazokuja mjini kwa matibabu ama harusi, na watu wa DRC Mining Week kila Juni. Nyumba si mali ya mradi. Imepangwa ili ipangishwe kwa usiku. Njia hii ndiyo wengi mjini wanaanza nayo, na ndiyo yenye mitego mingi ya kisheria. Hesabu zote hapa zimefanywa kwa dola moja kuwa franka 2,800.

11 Machi 2024. Karatasi za nyumba

Hatua hii imewekwa mbele ya usajili wa biashara kwa makusudi. Dirisha la usajili litadai karatasi ya mahali pa kazi, na karatasi hiyo haiwi na nguvu kuliko haki ya yule aliyeitia sahihi.

Kanuni ni fupi. Sheria namba 73-021 ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema udongo ni mali ya serikali na mtu hupewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na hati moja: certificat d'enregistrement, ile ambayo mjini tunaiita sertifika. Mkongomani aweza kuwa na haki hiyo, yaani konsesheni, ya kudumu. Kampuni na mgeni wanapata konsesheni ya kawaida, isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya.

Nyumba ya kwanza iliyopatikana ilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa nafuu, ila kiwanja kilikuwa na fiche parcellaire (karatasi ya utambulisho wa kiwanja) tu, na jina lililoandikwa ni la baba aliyekwisha kufariki. Aliyekuwa tayari kusaini ni mtoto mmojawapo. Dola 500 za kushikilia nyumba zilitolewa, kisha ndugu wengine wakatokea na kusema hawakuulizwa. Zilirudi dola 300.

Kwa nini sahihi ya mtoto mmoja haitoshi: Kodi ya Familia (Code de la famille, si kodi ya kulipa) ya 1987 inataka urithi usio na wosia uendeshwe na mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au, huyo akijitoa, na mtu aliyeteuliwa na warithi. Huyo ndiye liquidateur. Bila karatasi inayomtaja, kontra (mkataba) ya nyumba ya urithi ni kontra ya kugombewa. Njia ya kuiokoa nyumba ya aina hii ipo: muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wote waliofikia utu uzima, uteuzi wa liquidateur, kisha yeye asaini mkataba mbele ya notari. Familia hii haikuafikiana, nasi tukaiacha.

Nyumba ya pili, ile ya Bel Air, ina sertifika. Kuiona mkononi mwa mwenye nyumba hakutoshi. Chukua namba ya Volume na Folio iliyo juu ya hati, pamoja na namba ya kiwanja, uende kwa Conservateur des titres immobiliers (msajili wa hati za ardhi) wa eneo husika uombe kitabu kiangaliwe. Tazama mambo manne: jina lililoko kitabuni ni la huyo anayekupangisha, kama konsesheni ni ya kawaida, muda wake unaisha lini, kuna rehani ya benki iliyoandikwa juu yake, kuna pingamizi la mahakama. Sertifika za zamani zinasema "Shaba", jina la jimbo kati ya 1971 na 1997. Hiyo si kasoro, ingawa kuna mawakala wanaoitumia kumtisha mtu alipe "kusahihisha".

Kama mwenye nyumba ameoa ama ameolewa, omba mwenzi wake naye asaini. Ni mstari mmoja zaidi chini ya ukurasa, na unazuia kesi ya kesho.

4 Aprili 2024. Kontra: ya makazi au ya biashara?

Hapa ndipo miradi mingi ya mji huu inapovunjika bila wenyewe kujua. Mwenye nyumba alileta fomu ya kawaida ya kupanga, ile inayouzwa vibandani, iliyoandikwa "usage résidentiel" (matumizi ya makazi). Fomu hiyo iko chini ya Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji usio wa kikazi. Ina faida yake: garanti (amana) ya nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi mitatu. Lakini mtu aliyepanga nyumba ya kuishi akaigeuza nyumba ya wageni amebadilisha matumizi yake, na mwenye nyumba anapata sababu halali ya kumtoa siku bei ya soko ikipanda.

Kinachotakiwa ni bail à usage professionnel (mkataba wa kupanga kwa ajili ya biashara), chini ya Sheria ya Pamoja ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara) kuhusu biashara kwa jumla, ambayo inatumika Kongo tangu nchi ilipoingia OHADA rasmi tarehe 12 Septemba 2012. Vifungu vya kusoma ni vya 101 hadi 134. Vilivyobeba uzito kwa kazi hii ni hivi:

Kifungu cha 121 kinakataza kupangisha upya, nyumba nzima ama sehemu, isipokuwa mkataba wenyewe uruhusu. Ukimya wa kontra kwa hiyo ni katazo. Wapo wanaosema mgeni wa usiku mmoja si mpangaji mdogo bali mteja wa huduma, na hoja hiyo ina msingi. Lakini usiipeleke hoja mahakamani wakati sentensi moja ya kontra ingekutosha.

Kifungu cha 123 kinampa mpangaji haki ya kuongezewa muda, akiwa ameendesha shughuli iliyotajwa kwenye mkataba kwa muda usiopungua miaka miwili. Zingatia maneno "iliyotajwa kwenye mkataba". Ukiandika "ofisi" halafu ukalaza wageni, haki hiyo haikulindi.

Kifungu cha 124: kwa mkataba wenye tarehe ya kwisha, ombi la kuongezewa lifike si chini ya miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo. Likichelewa, haki imepotea.

Kifungu cha 133: mwenye nyumba hawezi kuvunja mkataba bila kukupa kwanza onyo la maandishi la mwezi mmoja ili urekebishe kosa.

Mwenye nyumba aliukataa mkataba wa kwanza kwa neno "sous-location" (kupangisha upya). Aliliogopa, na woga wake una haki: watu wamepoteza nyumba kwa wapangaji wa mpangaji. Kilichofaulu ni kueleza kitu chenyewe badala ya jina lake. Kifungu kilichokubaliwa, kwa Kiswahili, kinasema hivi:

"Nyumba inatumika kwa shughuli ya kupokea wageni wanaolala kwa malipo, kwa usiku, kwa wiki au kwa mwezi, pamoja na huduma za usafi, shuka, maji na umeme. Mpangaji anabaki mdaiwa pekee wa kodi ya nyumba na mwenye kujibu pekee kwa uharibifu wa mgeni yeyote. Hakuna mgeni anayepata haki ya upangaji juu ya nyumba. Mgeni mmoja hazidi siku 90 mfululizo bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomtuliza. Nasi baadaye iligeuka kuwa msaada upande wa kodi, kama itakavyoonekana kwenye ingizo la Agosti.

Masharti mengine: miaka mitatu kuanzia 1 Aprili 2024, dola 900 kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu, yaani dola 2,700. Mwenye nyumba alianza na sita. Ile dari ya miezi mitatu ya sheria ya 2015 ni ya makazi, kwa hiyo kwenye kontra ya biashara unajadiliana tu. Matengenezo makubwa (paa, kuta, bomba kuu, fosi yaani shimo la maji machafu) yako kwake, na yametajwa moja moja. Mkataba umesainiwa kwa Kifaransa mbele ya notari, kila ukurasa una vifupisho vya sahihi, na hali ya nyumba imeandikwa kwenye état des lieux yenye picha. Usiruke état des lieux. Bila karatasi hiyo, garanti hairudi.

30 Aprili 2024. Usajili wa biashara

Njia fupi ambayo watu wengi hupendekeza ni patente (leseni ndogo ya biashara) ya komini: bei ndogo, na hupatikana haraka. Imefanyiwa kazi na ikaachwa. Patente ni ya biashara ndogo ndogo, na kampuni yoyote inayotaka kumlaza mfanyakazi wake itaomba ankara yenye namba tatu: RCCM (namba ya daftari la biashara), Identification nationale (namba ya utambulisho ya taifa) na numéro impôt (namba ya mlipakodi). Usipokuwa nazo, unabaki na wageni wanaolipa mkononi tu.

Usajili umefanywa Guichet unique de création d'entreprise, ambako namba hizo zote hutoka pamoja na kujulishwa kwa CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira). Dosie ya mtu binafsi mwenye établissement (biashara isiyo kampuni) ilikuwa na nakala ya kitambulisho, cheti cha makazi, cheti cha ndoa, nakala ya kontra ya nyumba na fomu ya maombi. Mambo matatu yanafaa kujulikana kabla.

Casier judiciaire (hati ya rekodi ya makosa) si lazima iwepo siku ya kwanza. Kifungu cha 45 cha sheria ile ile ya OHADA kinakuruhusu kutoa tamko la heshima, kisha ulete casier ndani ya siku 75. Mhudumu mmoja alikataa dosie kwa kukosa karatasi hiyo. Kifungu kilipochapishwa na kuwekwa juu ya dosie, ilipokelewa. Chapisha ukurasa huo na utembee nao.

Mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya mume. Sharti hilo liliondolewa na Sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kodi ya Familia. Bado kuna madirisha yanayouliza. Jibu ni namba ya sheria, kwa upole, na hakuna karatasi ya kuleta.

Andika shughuli kwa ukamilifu. Ukiandika "location immobilière" (upangishaji wa nyumba) peke yake, umejitangaza mpangishaji wa kuta. Tumeandika kupokea wageni kwenye vyumba vilivyo na samani, pamoja na huduma, na maneno yale yale yamo kwenye kontra, RCCM na ankara. Ulinganifu huu ndio uti wa mgongo wa mradi wote: kila biro itakayokuja kukagua, ikikuta karatasi mbili zinazosema mambo tofauti, itachagua ile yenye kodi kubwa.

Kuhusu umbo la biashara: établissement ni rahisi, ila deni la biashara linafika hadi mali ya nyumbani kwako. SARL (kampuni yenye dhima ya kikomo) ya mtu mmoja inatenganisha mali, na Kongo mtaji wake mnaupanga wenyewe. Lakini inadai statuti, hesabu na nidhamu ya benki. Kwa fleti mbili tumebaki na établissement. Kwenye namba ya RCCM, herufi inayofuata mwaka inaonyesha umbo: A ni mtu binafsi, B ni kampuni. Mteja mkubwa huiangalia.

27 Mei 2024. Komini, usafi, utalii

Hatua za kawaida kwa kifupi. Komini imejulishwa kwa barua yenye muhuri wa mapokezi, na mkuu wa kartie vilevile. Huduma ya usafi imekuja kutazama vyoo, fosi na taka. Divisheni ya utalii ya jimbo imepokea ombi la ruhusa ya kuendesha. Hapo fleti za wageni zinahesabiwa kwenye kundi la nyumba za malazi sawa na guest house, hata kama hakuna mapokezi wala mgahawa. Hoja ya "mimi si hoteli, ni fleti tu" imejaribiwa na haikusaidia. Anayelaza watu kwa malipo anaangaliwa kama mlazaji.

Ukaguzi ulirudisha dosie kwa mambo mawili. La kwanza, bei hazikubandikwa. Sheria ya bei na ushindani ya 9 Julai 2018 inataka mteja aione bei kabla ya kulipa. Karatasi yenye bei kwa franka sasa iko nyuma ya kila mlango, na dola imewekwa chini yake. La pili, moto. Kulikuwa na kizima moto kimoja kwa fleti zote mbili, nacho kilifungiwa jikoni. Sasa vipo vitatu vya unga, kilo 6 kila kimoja, dola 55 kwa kimoja: kila fleti kando ya mlango wa kutokea, na cha tatu kwenye jenereta. Sindano ya geji ikitoka kwenye kijani, kizima moto hicho hakihesabiwi.

Jambo ambalo mkaguzi hakulitaja nasi tumeliweka kuwa sharti la nyumba: mbabula (jiko la makala, yaani makaa) haiingii ndani. Umeme ukikatika usiku, mgeni anayetaka kupika ama kuota moto msimu wa baridi wa Juni na Julai atawasha makala chumbani, madirisha yamefungwa. Moshi wa makala una gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Kila fleti ina jiko la gesi la mafiga mawili, mtungi wake uko nje ya ukuta, na katazo limeandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa. Jenereta iko mita nane kutoka dirisha la karibu, bomba la moshi likielekea ukuta wa nyuma.

20 Juni 2024. Wageni wa kwanza na daftari

Kila mgeni, Mkongomani ama wa nje, anajaza fiche (fomu ya mgeni): majina, kitambulisho, anakotoka, anakokwenda, tarehe ya kuingia na kutoka. Kwa mgeni wa nje ongeza namba ya pasipoti, ukurasa wa viza na muhuri wa kuingia nchini. Usimamizi wa wageni kutoka nje unaongozwa na ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) namba 83-033 ya 12 Septemba 1983, na maofisa wa uhamiaji, DGM, wana haki ya kuziona fiche hizo.

Kilichokwama: wafanyakazi wa kampuni kufika saa nne usiku kutoka mpakani Kasumbalesa, mmoja kati yao ana pasipoti na wengine wameziacha kwa dereva. Sentinele (mlinzi) akawaingiza. Asubuhi DGM wakapita, na fiche zilikuwa na majina tu. Dawa: kampuni inatuma picha za pasipoti kabla ya gari kuondoka, na ufunguo hautoki bila fiche kamili. Sharti limo kwenye uthibitisho wa kuhifadhi chumba, kwa hiyo hakuna ubishi mlangoni.

Mtoto anapokelewa akiwa na mzazi, ama na mlezi mwenye karatasi. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Msichana wa miaka 16 anayeletwa na mtu mzima asiyeweza kuonyesha undugu wao haingii, hata chumba kiwe kimelipwa. Mlinzi amepewa maagizo hayo kwa maandishi, ili asisimame peke yake mbele ya mteja mwenye pesa.

Fiche ni siri. Code du numérique (sheria ya mambo ya dijitali) ya 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu, nakala ya pasipoti ikiwemo. Nakala hazitumwi kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi, jambo lililoenea sana mjini. Zinakaa kwenye kabati lenye kufuli. Kamera ziko getini na uani tu, na kibao kinasema hivyo.

12 Agosti 2024. Ankara iliyokatwa asilimia 20

Ingizo refu, maana ndipo pesa ilipopotea.

Kampuni moja ilichukua fleti miezi mitatu kwa dola 1,500 kwa mwezi. Ankara ya mradi iliandikwa "loyer mensuel" (kodi ya nyumba ya mwezi). Mhasibu wao alilipa dola 1,200 na kubakiza 300, kila mwezi. Jumla ni dola 900, na kwa mujibu wa sheria mhasibu hakukosea.

Sababu ni hii. Mwaka 2024 kodi ya mapato ya upangishaji, IRL, ilikuwa kwenye ordonnance-loi namba 69-009 ya 10 Februari 1969, na iliingia hazina ya jimbo. Kwetu ilikusanywa na DRHKAT, idara ya mapato ya Haut-Katanga. Kiwango cha sheria hiyo ya msingi kilikuwa asilimia 22, na mpangaji aliye kampuni alipaswa kukata 20 kwenye kodi ya nyumba anayolipa na kuipeleka mwenyewe. Tena sheria hiyo iliyagusa hata mapato ya anayepangisha nyumba aliyoipanga. Ukijiandika "loyer" umeingia humo kwa kalamu yako.

Kupokea wageni pamoja na huduma ni kitu kingine: ni mapato ya kazi, na kwa biashara ndogo mwaka 2024 yalifuata ordonnance-loi namba 13/006 ya 23 Februari 2013. Chini ya utaratibu huo, mauzo yasiyozidi franka milioni 10 kwa mwaka yalilipa franka 50,000 tu. Kutoka milioni 10 hadi 80, mtoa huduma alilipa asilimia 2 ya mauzo. Hesabu ya mradi: fleti mbili, dola 55 kwa usiku, wastani wa usiku 16 kwa mwezi kila moja, ni dola 21,120 kwa mwaka, karibu franka milioni 59. Asilimia 2 ni kama dola 422. Linganisha na dola 900 zilizokatwa kwa mteja mmoja.

Marekebisho yaliyofanyika: ankara sasa inasema "hébergement avec services" (malazi pamoja na huduma), inaonyesha idadi ya usiku, bei ya usiku, usafi mara ngapi kwa wiki na shuka mara ngapi, na ina RCCM, Id. Nat na numéro impôt. Tangu hapo hakuna mteja aliyekata.

Lakini maneno yasiyo na kitu nyuma yake ni udanganyifu, na mkaguzi atauona. Kama mgeni anakaa miezi sita, analipa umeme wake na anajifulia shuka, huyo ni mpangaji, na IRL ni halali. Ndiyo maana dari ya siku 90 ya kwenye kontra inafuatwa, na daftari la usafi linasainiwa na mtumishi na mgeni. Daftari hilo la dola 3 ndilo ushahidi kwamba huduma ilitolewa.

Na zile 900? Pesa iliyokwisha kuingia hazina hairudi kwa kuombwa kwa mdomo. Kampuni imetoa hati ya makato ya kila mwezi, na hati hizo zimewekwa kwa ajili ya tamko la mwaka. Mhasibu akikata, dai hati hiyo mwezi ule ule. Akihama kazi, umebaki na maneno matupu.

Mtego wa pili kwenye ankara ni TVA (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 16. Mwaka 2024 biashara iliyo chini ya franka milioni 80 ilikuwa haitozi. Mtu akiiandika kwenye ankara ili aonekane mkubwa, anadaiwa na serikali kiasi alichokiandika. Kwa bei yetu, mstari wa milioni 80 unafikiwa fleti zote mbili zikilaliwa usiku 260 kila moja kwa mwaka. Mauzo yanaandikwa kila mwisho wa mwezi ili mstari huo usivukwe gizani.

7 Oktoba 2024. Watumishi

Msafishaji mmoja, walinzi wawili wa kupokezana. Hawa si watumishi wa nyumbani. Ni wafanyakazi wa biashara, na kila mmoja ana kontra ya maandishi chini ya Code du travail (sheria ya kazi) ya 2002. CNSS: mfanyakazi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 13 (uzeeni 5, familia 6.5, hatari za kazi 1.5). Kwa mshahara wa franka 300,000 ni 15,000 upande wake na 39,000 upande wa mwajiri. Juu ya hapo kuna kodi ya mshahara, INPP na ONEM. Anayepanga bei ya chumba bila kuhesabu hayo anakula jasho la mtu mwingine.

Mlinzi alikuwa akilipwa kwa siku bila karatasi mwezi wa kwanza. Ukaguzi wa kazi hauoni "siku". Unaona mtu aliye getini kila usiku. Amesajiliwa tangu siku ya kwanza ya kazi yake.

25 Novemba 2024. Wanaobisha hodi

Nyumba ikiwa na kibao, biro nyingi zinafika. Baadhi zina haki kamili: kwa mfano SOCODA hudai haki za watunzi pale ambapo televisheni ama muziki unawekwa kwa wateja. Nyingine hazina.

Utaratibu uliobandikwa ofisini una mambo matatu. Mgeni wa serikali anaonyesha ordre de mission (barua ya kutumwa kazini) yenye jina lake, tarehe na jina la mradi ama eneo. Anataja kodi anayodai, nasi tunaitafuta kwenye orodha mbili za 13 Machi 2018: ordonnance-loi 18/003 kwa za serikali kuu na 18/004 kwa za jimbo na komini. Isiyomo hailipwi. Iliyomo inalipwa benki kwa note de perception (hati ya serikali ya kudai malipo), kamwe si mkononi, na risiti inawekwa kwenye kitabu kimoja chenye mpangilio wa tarehe.

Kilichoshindwa ni kufunga geti. Kumkatalia mtu mlangoni kunazaa wito wa kufika ofisini, na wito una gharama zake. Kumkaribisha, kumpa kiti na maji, kusoma naye orodha na kuandika jina lake kwenye daftari la wakaguzi kumefanya kazi vizuri zaidi. Nakala za orodha zote mbili, zilizojalidiwa, zimegharimu dola 18.

3 Februari 2025. Tamko la mwaka na hesabu

Tamko la IRL na lile la kodi ya kiwanja ni la mwanzo wa Februari. Kodi ya kiwanja ni ya mwenye sertifika, na kontra yetu inasema hivyo waziwazi. Kabla ya kifungu hicho, mwenye nyumba alikuwa na nia ya kutuletea karatasi yake.

Fedha za mradi nje ya ada za serikali, ambazo kila moja ina note yake: garanti 2,700, wakala wa nyumba 900, kodi ya mwezi mmoja, kiasi kilichopotea kwenye nyumba ya kwanza 200, wakili wa kusoma kontra 150, vizima moto 165, majiko mawili ya gesi na mitungi 210, kabati lenye kufuli 80, kamera mbili 130, madaftari, fiche na nakala 45. Zote ni dola. Bima ya moto pamoja na madhara kwa wageni inalipwa kwa mwaka; hakikisha hati ya bima inataja wageni wanaolipa, kwa sababu bima ya nyumba ya kuishi haiwahusu. Tangu Kodi ya Bima (Code des assurances) ya 2015 soko liko wazi, basi omba bei kwa kampuni zaidi ya moja.

Hatua zinazobaki: fleti ya tatu, avenue nyingine, kartie Golf. Sertifika yake iko kitabuni bila rehani. Kuiongeza ni mabadiliko ya RCCM, yanayotakiwa kutangazwa ndani ya siku 30, na ruhusa ya utalii ya anwani hiyo inaombwa upya. Mauzo yake yanajumlishwa na ya Bel Air, kwa hiyo milioni 80 zitafikiwa mapema zaidi. Hesabu ya TVA itafanywa kabla ya kusaini. Ombi la kuongeza muda wa kontra ya Bel Air, inayokwisha 31 Machi 2027, litapelekwa na huissier (afisa wa mahakama) mwezi Novemba 2026.